Moyo Mzito Si Uvivu



Kila mmoja wetu aliyekaa katika kambi za shamba au nyumba za kiwanda amewahi kumwona mwenzake wa namna hii. Alikuwa mkata miwa hodari, kipande chake akikimaliza kabla jua halijawa kali. Sasa king'ora kinalia asubuhi naye yuko kitandani, macho wazi. Akifika shambani husimama na panga mkononi kama mtu aliyesahau kilichomleta. Chakula hakimpendezi. Watoto wakimsemesha hajibu. Nyapara anamwandika kuwa hakuja kazini, na wenzake wanacheka: "Amekuwa mvivu huyu." Wengine husema amerogwa, wengine ati ni pombe tu.

Sisi tunaoandika makala hii tumepata kusema maneno hayo hayo. Mwenzetu mmoja alifiwa na mkewe, akaanza kukosa kazi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kukaa naye baada ya matanga. Barua ya kumwachisha kazi ilipokuja, tulipigania malipo yake ya mwisho, lakini hatukumwuliza anaumwa nini. Alibeba mzigo wake akaondoka, nasi tukabaki na aibu. Ndiyo sababu tunaandika.

UGONJWA WENYEWE

Huzuni ya kawaida humpata kila mtu, ikapita. Lakini ikikaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, yafaa tufikirie jambo jingine. Mtu hukosa usingizi au hulala mno, nguvu humwisha, hapendezwi tena na mambo aliyoyapenda, hujiona hana thamani, mawazo hayatulii. Wengine hulalamika kichwa na mgongo tu, na wanaume wengi huficha machozi ndani ya waragi, ambayo huzidisha ugonjwa. Wataalamu huuita sonona. Unaweza kumpata msomi na asiyesoma, tajiri na kibarua. Hata hivyo madeni, msiba, matusi ya wakubwa kazini, zamu za usiku zisizokwisha na hofu ya kupunguzwa kazi huufungulia mlango.

Wengine husema haya ni maradhi ya Wazungu. Si kweli. Hapa hapa Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai zilizopigwa vibaya na UKIMWI, watafiti waliwauliza wenyeji juu ya shida zao. Wenyeji walikuwa tayari na majina ya Kiganda: okwekubazida, yaani kujihurumia, na yo'kwekyawa, yaani kujichukia. Dalili walizozieleza zilifanana sana na za sonona.

WALIVYOKAA PAMOJA

Mwaka 2002 vijiji 30 vya sehemu hizo viliingia katika jaribio. Katika vijiji 15 hivi wagonjwa waliundiwa vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali. Walikutana mara moja kwa wiki, kwa saa moja na nusu, wiki 16. Viongozi wao hawakuwa madaktari, bali watu wanaosema Kiganda waliofundishwa kazi hiyo kwa wiki mbili.

Hawakugawiwa fedha. Kila mmoja alieleza wiki yake ilivyokuwa, na pamoja walitafuta chanzo cha uzito wa moyo: kifo, ugomvi, au badiliko kubwa la maisha kama ugonjwa au kupoteza kazi. Kisha wenzake walimshauri hatua ya kujaribu, naye wiki iliyofuata akaeleza ilivyokwenda.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Katika kila watu 100 wa vikundi, 86 walikuwa na sonona kamili kabla ya kuanza. Mwishoni hawakufika hata 7. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi walikuwa 94, na mwishoni walibaki karibu 55. Tazameni tofauti hiyo, ndugu! Nasi wafanyakazi twajua kukaa pamoja na kusemeana ukweli; ndivyo vyama vyetu vilivyozaliwa.

Hatusemi kikao kinatosha kwa kila mgonjwa. Wako wanaohitaji dawa, nazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu. Mgonjwa asiziache kwa sababu ati hajaona kitu wiki ya kwanza, wala asizikatize bila kumwona mganga. Aanzie zahanati au kituo cha afya. Ikihitajika atapelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa, au Butabika mjini Kampala.

HAKI ZETU

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 yasema kwamba mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini, akiugua hata asiweze kufanya kazi, alipwe mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Kwa hiyo cheti cha mganga ni silaha. Kichukuliwe mapema, siyo baada ya barua ya kufukuzwa.

Tena Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, waeleza kwamba afya kazini ni ya mwili na ya akili pia. Tangu mwaka 2022 mkataba huo umo katika mikataba ya msingi, ambayo kila nchi mwanachama yapaswa kuheshimu kanuni zake. Basi mwajiri akisema mambo ya moyo hayamhusu, mjibuni kwa mkataba huo.

KAZI YA TAWI

Twapendekeza kila tawi lifanye haya:

1. Mwenzetu akikosa kazi siku tatu, mwakilishi aende kwake kabla nyapara hajapeleka jina ofisini.

2. Wachaguliwe wanaume wawili na wanawake wawili wenye kusikiliza na kutunza siri. Siri ya mgonjwa isifike kwa mwajiri wala kilabuni.

3. Mwenzetu akisema amechoka kuishi, asiachwe peke yake. Aulizwe waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Apelekwe kwa mganga siku ile ile, na ghala la dawa za mimea likae limefungwa daima.

4. Katika majadiliano na mwajiri, tawi lidai kwamba ugonjwa wa akili uhesabiwe sawa na magonjwa mengine, na zamu za usiku zipokezanwe kwa haki.

Mwenzetu akikatwa kidole na mashine, twasimamisha mashine na kumkimbiza hospitali. Hakuna anayemwita mvivu. Aliyeumia moyoni hatoi damu, lakini ni majeruhi yule yule wa kazi na maisha.

Jioni hii, mkitoka kazini, hesabianeni. Ni nani hajaonekana wiki hii? Nendeni mkapige hodi.