Kichaa cha Mbwa: Mlinde Mtoto Wako

Leo tunazungumzia kichaa cha mbwa.

Je, mbwa wako amechanjwa? Mtoto wa mbwa achanjwe akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Uliza katika ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe.

Utamtambuaje mbwa mgonjwa? Tabia yake hubadilika: aliyekuwa mpole huwa mkali. Hutokwa na mate mengi, hushindwa kumeza na hupepesuka. Huenda ukadhani amekwamwa na mfupa. Usimtie mkono kinywani!

Mtoto akiumwa na mbwa, au hata akikwaruzwa, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15. Usipake pilipili wala mafuta. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe, na amalize sindano zote. Usingoje dalili, kwani zikishaonekana ugonjwa huu hauna tiba.

Mwisho, mwambie mtoto akueleze mara tu anapoumwa, nawe usimchape. Mtoto anayeogopa kiboko huficha kidonda.