Ramani Inayotetemeka Juu ya Video

Mwenye kompyuta ya kuhariria video pale Isevya, Manispaa ya Tabora, huishi kwa harusi, sendofu na mahafali. Tuseme safari hii amepata kazi ya aina nyingine: shule inataka filamu fupi ya njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji, kilomita zipatazo 1,200. Amekwenda Kwihara kupiga picha za tembe ambalo Stanley na Livingstone walifikia Februari 1872. Juu ya video ameweka ramani ya zamani inayosogea polepole kuelekea magharibi, na pembeni amebandika nembo ya shule. Kwenye kompyuta kila kitu kimekaa vizuri. Akisharenda, yaani kutoa faili la mwisho, ramani inatetemeka na nembo ina ukungu.

Wengi hukimbilia kurenda upya kwa ubora mkubwa zaidi, na usiku unakwisha bila nafuu. Anza kwa kufungua faili lililotoka, ulisimamishe penye kasoro na kulitazama kwa ukubwa wake halisi. Ikiwa ukungu upo hata picha iliposimama, chunguza picha uliyobandika, kisha namna faili lilivyobanwa. Ikiwa picha iliyosimama ni safi na kasoro inarudi video inapocheza tu, chunguza mwendo. Usiamini dirisha la programu ya kuhariri: ili kompyuta isikwame, programu nyingi huonyesha picha iliyopunguzwa ubora na kuruka baadhi ya fremu, kwa hiyo linaweza kuficha kasoro zote mbili.

Tuanze na mtetemo, kwa sababu ndio unaowachanganya wengi. Ramani ikisogea pikseli 200 kwa sekunde 10, katika video ya fremu 25 kwa sekunde, inapaswa kusogea pikseli 0.8 kila fremu. Baadhi ya programu haziwezi kuweka picha kwenye sehemu ya pikseli. Huipeleka kwenye pikseli nzima iliyo karibu. Matokeo yake ramani inasogea fremu nne na kusimama moja, inasogea nne na kusimama moja, yaani inasita mara tano kila sekunde. Jicho huona kusita huko kama mtetemo. Hii ndiyo sababu mwendo wa polepole, ambao kila mhariri anaupenda kwa picha za kihistoria, hutetemeka kuliko wa haraka.

Dawa yake ni hesabu. Ongeza mwendo ufike pikseli 250 kwa sekunde 10, na kila fremu itasogea pikseli moja kamili. Kama hutaki kuharakisha, andaa kipande cha ramani katika ukubwa maradufu, upana wa pikseli 3,840, kisha ukipunguze hadi 1,920 mwishoni. Kila mruko utakuwa nusu ya ule wa kwanza. Wanaotumia FFmpeg, programu ya bure, wanaijua mbinu hii, maana kichujio chake cha zoompan kina tabia hiyohiyo ya kuruka kwa pikseli nzima.

Chanzo kingine ni idadi ya fremu. Televisheni yetu ilifuata mfumo wa PAL, fremu 25 kwa sekunde, uliooana na umeme wa 50 Hz. Simu nyingi hurekodi fremu 30, kawaida iliyotokana na Marekani kwenye umeme wa 60 Hz. Nembo inayozunguka iliyotengenezwa kwa fremu 30 ikiwekwa kwenye kazi ya fremu 25, fremu moja katika kila sita inatupwa, na mzunguko unakatikakatika. Amua idadi moja kabla ya kuanza. Na kwa kuwa simu nyingi hubadilisha kasi ya fremu zenyewe wakati wa kurekodi, pitisha video zake kwanza kwenye programu kama HandBrake ili kasi iwe moja. Bila hivyo, jina ulilolifunga kwa mtu anayetembea linaweza kumwacha.

Pia kuna kitulizaji cha mtikisiko. Kikiwekwa baada ya nembo kubandikwa, kitaisogeza nembo pamoja na video kinayoituliza. Tuliza video kwanza, nembo iwe ya mwisho.

Ukungu, kwa maoni yangu, huanza mikononi mwa mteja. Nembo inakuja kwa WhatsApp, imeshabanwa njiani, ina pikseli 200, nawe unaivuta hadi 600. Hakuna programu itakayorudisha herufi zisizokuwepo. Mwombe aitume kama dokumenti, au umtafute aliyeichora akupe faili la asili. Ramani nayo hufuata sheria hiyohiyo: ukitaka kuikaribia hadi nusu ya upana wake ijaze skrini ya pikseli 1,920, lazima iwe na pikseli 3,840. Ukurasa wa sentimita 20 ukiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi hutoa pikseli zipatazo 4,700, zinatosha na kubaki. Ikipunguzwa sana, mistari yake myembamba inaweza kumetameta inaposogea. Hapo, ajabu ni kwamba ukungu kidogo sana ndio unaoitibu.

Rangi nazo zina mchango. Mbano wa H.264, katika mpangilio wake wa kawaida, hutunza mwanga wa kila pikseli lakini rangi moja kwa kila kundi la pikseli nne. Maandishi membamba mekundu juu ya majani mabichi yatafifia kingo hata ukifanyaje. Andika kwa nyeupe yenye ukingo mweusi. Mbano ukizidi nao huleta ukungu: kwa video ya 1080 ya fremu 25, YouTube hupendekeza megabiti 8 kwa sekunde. Dakika kumi ni takriban megabaiti 600.

Kabla ya kurenda kazi nzima, renda sekunde kumi za penye ramani na nembo tu, uziweke kwenye flashi na kuzicheza kwenye televisheni ya mteja mwenyewe.