Ngurumo ya Gurudumu Ilivyoniumbua

Kwa muda wa miezi miwili gari langu lilikuwa likininguruma kama paka aliyenyang'anywa mnofu, nami niliyekula chumvi nyingi katika kufundisha fizikia sikujua ngurumo hiyo ilitoka wapi. Gari lenyewe ni Toyota Corolla DX la mwaka wa 1982, ambalo wenzangu hulitania kwamba lina umri mkubwa kuliko mwalimu mkuu wetu. Kila alfajiri hutubeba watu wanne kutoka Wundanyi hadi Mwatate, tukiteremka milima ya Taita kona baada ya kona, bonde likitutazama kwa chini. Abiria wangu ni walimu wenzangu wawili na binti wa mmoja wao, mwanafunzi wa kidato cha pili.

Jambo lenyewe lilianza kama uvumi tu. Gari lilipofika mwendo wa kilomita 40 kwa saa, palisikika mvumo mzito uliopanda kadiri mwendo ulivyopanda na kutulia tulipopunguza. Masikio yangu yaliapa kwamba ulitoka nyuma, upande wa kushoto. Hapo ndipo nilipokosea kwanza. Bodi ya gari ni bati na vyuma vilivyoshikana. Sauti huzaliwa pembe moja, ikasafiri kupitia sakafu na nguzo, na kujitokeza pembe nyingine kabisa.

Nikanunua tairi mbili mpya za nyuma. Siku iyo hiyo, kwa ushauri wa jirani aliyeshikilia kwamba difu imekauka, nikabadilisha na oili ya difu. Mvumo ukapungua kidogo, au nilidhani umepungua, kisha siku ya tatu ukarejea kwa hasira. Mfuko ulikuwa umekwisha kutoboka, na la kuaibisha zaidi ni kwamba sikuweza kusema kama ile nafuu ya siku mbili ililetwa na tairi, au na oili, au na matumaini yangu mwenyewe. Msomaji, mimi ndimi yule ambaye kila muhula huandika ubaoni kwamba katika jaribio hubadilishwa kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, vingine vyote vikiachwa jinsi vilivyo. Nimewanyima wanafunzi alama kwa kosa hilo hilo, tena kwa wino mwekundu.

Asubuhi moja, tukiwa katikati ya mteremko, yule binti akauliza kutoka kiti cha nyuma: "Mwalimu, mbona gari likikata kona ya kushoto linanguruma, na likikata ya kulia linanyamaza?"

Nilitaka kumjibu kwamba ni upepo. Kona mbili zilizofuata zilinifunga mdomo.

Gari linapokata kona kuelekea kushoto, mzigo wake hulalia magurudumu ya kulia. Ndiyo sababu abiria nao hulalia upande huo. Kitu kilichochakaa katika gurudumu la kulia hulia zaidi kinapoongezewa uzito, na hupata ahueni mzigo ukihamia kushoto. Mtoto wa miaka kumi na mitano alikuwa amefanya jaribio la haki kabisa bila ya kutumia hata senti, ilhali mimi nilikuwa nimetafuta upande usiokuwa.

Basi nikaamua kuanza upya, safari hii kwa adabu. Jumamosi nilikwenda kwenye barabara iliyonyooka kutoka Mwatate kuelekea Voi. Nilipofika kilomita 60 kwa saa, huku nyuma na mbele hakuna gari, nikakanyaga klachi na kutoa gia. Injini ikashusha pumzi, mvumo ukabaki vile vile. Kwa hiyo injini haikuwa na hatia. (Jaribio hili lisifanywe mteremkoni, wala injini isizimwe gari likiwa mwendoni.) Kisha nikahamisha tairi za mbele nikazipeleka nyuma, na za nyuma nikazileta mbele, nisiguse kingine chochote. Mvumo haukuhama wala haukubadilika. Tairi nazo zikaachiliwa huru, zile mpya nilizozinunua zikiwa za kwanza kunicheka.

Wanahisabati wataniruhusu hesabu ndogo. Tairi yenye kipenyo cha sentimita 58 ina mzingo wa karibu mita 1.82. Mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni mita 16.7 kwa sekunde, kwa hivyo tairi hiyo huzunguka mara 9 hivi kila sekunde. Kijiwe kilichonasa kwenye tairi kingegonga mara 9 kwa sekunde, na katika mwendo wa kilomita 20 kingegonga mara 3 tu, mapigo ambayo mtu aweza kuyahesabu kwa kidole. Wangu ulikuwa mvumo usiohesabika. Ndani ya beringi vimo vyuma vingi vidogo vinavyobingirika, na kila kimoja hutoa sauti yake kinapopita juu ya kovu.

Beringi ni kitu cha kale kuliko gari. Philip Vaughan wa Wales alipata hataza ya beringi ya gololi kwa ajili ya ekseli za magari ya farasi mwaka wa 1794. Zile zenye vyuma vilivyochongwa vikawa vyembamba upande mmoja na vinene upande wa pili, kama zilizomo katika magurudumu yangu ya mbele, Henry Timken alizipatia hataza nchini Marekani mwaka wa 1898.

Fundi wa kwanza niliyempelekea gari alilipandisha kwa jeki, akalizungusha gurudumu la mbele la kulia, akasikiliza, akasema ni zima. Kweli lilizunguka kimya. Fundi wa pili, mzee wa makamo asiyependa maneno mengi, alitikisa kichwa nilipomweleza. "Mwalimu, gurudumu lililo hewani halina mzigo," akasema. "Litakudanganya. Weka mkono hapa kwenye springi." Akalizungusha kwa kasi. Sikio langu halikusikia kitu, lakini vidole vilihisi mtetemo mwembamba, kama wa mchanga unaosagwa. Tukalijaribu la kushoto: springi ilitulia tuli. Kisha akagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma kilichoshika gurudumu, mpini akanitia sikioni, na huko ndani nikasikia ngurumo yangu ya miezi miwili.

Kikulacho ki nguoni mwako. Habu ilipofunguliwa, grisi ilikuwa imeungua, nyeusi tititi, na chuma kimegeuka rangi ya samawati kwa joto. Mwaka mmoja nyuma nililipa breki zibadilishwe, na aliyelirudisha gurudumu aliikaza nati kwa nguvu zake zote, kana kwamba kukaza ndiko kuwa salama. Beringi za namna hii hazitaki hivyo. Nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa ili kila kitu kikae mahali pake, kisha hulegezwa, ikarudishwa kwa nguvu ya vidole na kufungiwa pini. Ikikazwa kupita kiasi, vyuma husagana, joto hupanda na grisi hupoteza uwezo wake. Beringi ikiendeshwa vivyo hivyo huweza kushikana ghafla, ikakata chuma inachozungukia, na gurudumu likaenda zake. Nilimfikiria yule binti nyuma yangu, na kona zile, na lile bonde.

Fundi alibadilisha beringi zote mbili pamoja na vikombe vyake, maana beringi mpya ndani ya kikombe chenye makovu haidumu. Bei yake haikufika robo ya ile ya tairi zangu.

Beringi iliyokufa niliiomba, na sasa imo kwenye meza ya maabara. Wanafunzi huizungusha wakihisi mikwaruzo yake. Juma lililopita yule binti aliigeuzageuza mkononi akaniuliza kwa nini kikombe cha nje kimeliwa pande zote, ilhali pete ya ndani imeliwa upande mmoja tu. Nilimwambia akumbuke ni ipi huzunguka na gurudumu na ni ipi husimama tuli ikibeba uzito wa gari. Alinyamaza kidogo, kisha akaelekeza kidole chini.