Sindano Nyekundu: Hesabu ya Ekari Moja ya Misindano

Ukipita vilima vya Muleba kuelekea Rubya, rweya sasa imevaa misindano. Zamani ilikuwa nyasi tupu za kuchungia ng'ombe na za kutandaza kwenye kibanja cha migomba. Aliyepanda anahesabu mbao. Mimi nataka tuhesabu majani.

Ekari ni meta za mraba 4,047. Ukipanda kwa meta 3 kwa 3, inabeba miche 450 hivi. Ukibana kwa 2 kwa 2, unavuka 1,000. Wengi hubana, maana mche ni rahisi kuliko ardhi. Lakini miti iliyobanana hukutanisha matawi mapema, upepo haupiti, na majani hushinda na unyevu. Bukoba, jirani na Muleba, hupata milimita 2,000 hivi za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam.

Ukungu uitwao Dothistroma hautaki zaidi ya hapo: jani bichi lililoloa na ubaridi wa wastani. Matone ya mvua ndiyo yanayoubeba kutoka tawi hadi tawi. Chuma jani moja la tawi la chini ulitazame juani. Kwenye jani lililougua utaona pete nyekundu, upana wa milimita chache, iliyopakwa na sumu ya ukungu wenyewe. Mbele ya pete jani limekauka, nyuma yake bado ni kijani, na ndani ya wekundu vinachomoza vidoa vyeusi. Jani la uzee ni jingine: hugeuka rangi lote, halina pete.

Tanganyika iliukuta ugonjwa huu mwaka 1957, na Kenya ikafuata miaka michache baadaye. Ulioumia zaidi ni msindano wa radiata, wenye asili ya California, uliokuwa ukitegemewa kwa kukua haraka. Kenya ilijaribu dawa za shaba na zikafanya kazi, ila bei yake haikulingana na mbao. Wakaacha kupanda radiata, wakageukia patula wa Meksiko na misaiprasi. New Zealand iling'ang'ania radiata wake, na tangu miaka ya 1960 inapuliza shaba kwa ndege. Kwa dawa na ukuaji uliopotea, ugonjwa umekadiriwa kuigharimu karibu dola milioni 20 za huko kila mwaka.

Dawa yenyewe ni lita 5 tu kwa hekta, lakini lita hizo zinashuka kutoka angani. Mkulima wa Muleba anayepuliza mrututu, dawa hiyohiyo ya shaba, kwenye kahawa ana bomba la mgongoni; mti wa meta 10 ataupulizaje?

Sasa hasara. Utafiti wa radiata unaonyesha kwamba mti ukiugua zaidi ya robo ya majani yake, ukuaji hupungua karibu sawasawa na kiasi cha ugonjwa: nusu ya majani, nusu ya ukuaji. Tuseme shamba zima linaongeza meta za ujazo 15 kwa hekta kwa mwaka, yaani 6 kwa ekari. Likiugua nusu, zinabaki 3. Miaka mitano ya hivyo ni meta za ujazo 15 ambazo hazikuwahi kuota, na hakuna mti hata mmoja uliokufa. Ndiyo maana hasara hii haimshtui mtu. Fundi akija kupasua anasema tu miti ni myembamba, na mwenye shamba analaumu udongo.

Ikizidi, miti hufa kweli. Kaskazini-magharibi mwa British Columbia, Kanada, katika karibu hekta 41,000 za misindano iliyopandwa na kukaguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya 37,000 zilikuwa na ugonjwa, baadhi ya miti ikafa, na huo ulikuwa msindano wa kwao, haukuletwa kutoka ng'ambo.

Kwa mwenye ekari moja, kinga ya bei nafuu inafanyika kabla ya shimo kuchimbwa: patula au karibea badala ya radiata, na nafasi ya meta 3. Baadaye ni panga la kupogolea matawi ya chini na moyo wa kuipunguza miti uliyoipanda mwenyewe, kazi ambayo wengi huikwepa kwa huruma. Na ukimuuliza mwenye kitalu huu ni msindano gani akakujibu "paini ni paini", rudisha hela mfukoni.