Shamba Linapokatwa Vipande

Wasomaji wengi wa riwaya za Kifaransa za karne ya 19 wakifika penye mashamba, misitu na mito huruka kurasa, wakimbilie mazungumzo. Wanajinyima. Kwa Balzac na Zola, mandhari ndipo unapoona nani anamiliki ardhi, nani anaipoteza, na kwa njia gani.

Tazama Les Paysans ya Balzac, iliyoanza kutoka gazetini 1844 na kukamilika kuchapishwa 1855, yeye akiwa amekwishafariki. Inafunguka kwa barua ya 1823, ambamo mwandishi Blondet analisifia Les Aigues, shamba la Jenerali Montcornet huko Bourgogne: kasri, bustani, maji, msitu mnene. Ndani ya msitu huo wanakijiji wanaiba kuni, na nyuma yao wamejificha Gaubertin, msimamizi aliyefukuzwa, na Rigou, mkopeshaji wa riba. Mwishowe jenerali anauza. Blondet anapopita tena 1837, hapatambui: kasri limebomolewa, miti imefyekwa, ardhi imekuwa vijishamba. Balzac, mtetezi wa ufalme, aliyachukia mabadiliko hayo. Hata hivyo hakuficha kwamba mkulima mdogo alimkimbia bwana mmoja akaangukia mikononi mwa mwingine, yaani Rigou na madeni yake.

Sheria nayo ilichangia ukataji wa ardhi vipande vipande, kwani Kanuni ya Kiraia ya 1804 iliwapa watoto haki sawa katika mirathi. Hapo ndipo Zola anaponigusa zaidi. Katika La Terre (1887), kwenye uwanda wa ngano wa Beauce, mzee Fouan anawagawia wanawe watatu ardhi angali hai. Kuna pendekezo la kukata vipande sambamba na bonde. Buteau, mmoja wa wana, anakataa katakata: udongo unazidi kuwa haba kuelekea mteremko, kwa hiyo wa tatu ataambulia ubovu mtupu. Anataka mistari ivuke shamba, kila mtu abebe sehemu yake ya ubaya. Ni haki kwenye karatasi, lakini vipande vinakuwa vyembamba mno. Jirani yao Hourdequin, mwenye shamba kubwa, mashine na mbolea, naye hapumui, maana ngano ya Marekani inashusha bei.

Maelezo ya udongo, mteremko na upana wa kipande ndiyo yanayobeba ugomvi wa familia nzima. Ukiipata La Terre, usiiruke siku ya upimaji. Isome polepole, mpaka kwa mpaka.