Deni la Dinari Mia Moja



Katika Injili ya Dominika ya 24 ya Mwaka A (Mt 18:21-35), Mtume Petro amwuliza Bwana amsamehe ndugu yake mara ngapi, naye mwenyewe apendekeza mara saba. Hakuwa mchoyo, kwa mtu aliyeumizwa, saba ni nyingi. Jibu la Bwana, sabini mara saba, laturudisha kwenye sura ya 4 ya kitabu cha Mwanzo, kwa Lameki mzao wa Kaini. Huyo alijigamba mbele ya wake zake kwamba amemwua mtu kwa sababu ya jeraha, na kwamba kisasi chake kitakuwa mara sabini na saba. Hesabu ya Lameki ya kuzidisha damu, Kristo aigeuza kuwa hesabu ya huruma. Kati yao yasimama Torati ya Musa na jicho kwa jicho lake. Wengi hudhani amri ile ilichochea kisasi. Kumbe ilikiwekea mpaka, lisitolewe zaidi ya jicho moja.

Ndipo Bwana asimulia habari za mtumishi aliyesamehewa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku. Kibarua afanyaye kazi siku 300 kwa mwaka angehitaji miaka 200,000 kulipa deni hilo. Mjoli wake alidaiwa dinari 100. Wahubiri hupenda kusema kwamba hizo si kitu. Hapo twaomba tusiharakishe: dinari 100 ni jasho la miezi mitatu na zaidi, kwa mwenye watoto, ni chakula cha nyumba nzima. Injili haisemi kwamba tulilotendewa ni dogo. Yasema kwamba deni ni la kweli, nasi twaombwa kuliachilia kwa kuwa tumekwisha kuachiliwa lililo kubwa kupita kiasi.

Jambo hili lina uzito katika jumuiya zetu. Mama aliyepigwa na mumewe huambiwa, "Samehe, yaishe," na maana yake ni "Nyamaza." Huko si kusamehe, ni kufunika donda bila kulisafisha. Kusamehe ni kukataa kulipa ubaya kwa ubaya, na kumtakia mkosaji wokovu. Hakumzuii mtu kukimbilia mahali pa usalama, wala kushtaki, wala kudai shamba lake lililomegwa.

Tumtazame Papa Yohane Paulo wa Pili. Tarehe 13 Mei 1981 alipigwa risasi na Mehmet Ali Ağca katika Uwanja wa Mtakatifu Petro, akafanyiwa upasuaji wa saa nyingi. Dominika iliyofuata, tarehe 17 Mei, sauti yake iliyorekodiwa hospitalini ilisikika Uwanjani: alisema kwamba anasali kwa ajili ya ndugu aliyempiga, ambaye alikwisha kumsamehe. Tarehe 27 Desemba 1983 alimwendea katika gereza la Rebibbia, Roma, wakaketi na kuzungumza kwa sauti ya chini. Alipoondoka, Ağca alibaki gerezani na kifungo chake cha maisha. Ni Rais wa Italia aliyempa msamaha wa dola, mwaka 2000, naye akarudishwa Uturuki alikokuwa na kosa jingine la mauaji la kujibu. Msamaha wa moyo haukungoja miaka hiyo, wala haukuvunja kufuli.

Je, yule ambaye moyo wake bado wawaka? Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2843) yakiri kwamba kutosikia uchungu, au kusahau kosa, hakumo katika uwezo wetu. Basi ninyi makatekista, msimhukumu mtu wa namna hiyo, wala msimfukuze kwenye sala ya jumuiya. Na aanze kwa kumtaja adui yake kwa jina katika sala ya jioni, hata kama sauti yatetemeka. Akishindwa leo, na amwombe jirani amtajie.