Fahamu: Sheria inayozuia deni la benki kukumeza, Kenya

Mkopo ukikwama, riba haikwami. Ndiyo maana mkopaji huogopa hata kupokea simu ya benki. Lakini mteja wa kawaida nchini Kenya ana silaha ambayo wengi hawaijui: kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika Mei 2007.

Kinasema nini?
Mkopo ukishaingia kwenye kundi la mikopo isiyolipika, kwa kawaida baada ya siku 90 bila malipo, riba inayodaiwa kuanzia hapo haiwezi kuzidi salio la mkopo lililokuwepo siku hiyo.

Chukua mfano. Siku mkopo ulipokwama ulibaki na deni la Sh100,000. Riba itapanda, lakini ikifika Sh100,000 inakoma. Jumla ni Sh200,000, pamoja na gharama halali za kufuatilia deni. Ukirejea kulipa kisha ukakwama tena, hesabu huanzia siku ya kukwama mara ya pili.

Je, benki inaweza kupandisha riba itakavyo?
Hapana. Juni 2024, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kifungu cha 44 cha sheria hiyo, kinachodhibiti kupandishwa kwa ada za benki, kinahusu riba pia: benki lazima ipate kwanza idhini ya Waziri wa Fedha.

Ufanye nini?
Omba taarifa kamili ya akaunti ya mkopo. Tafuta tarehe ulipokwama na salio la siku hiyo, kisha piga hesabu. Ukiona riba imepita kikomo, lalamika kwa maandishi na uhifadhi nakala. Mali yako isipigwe mnada kwa deni ambalo sheria hailitambui.